Muyaka bin Haji na Dhana ya Kukengeuka

Katika insha za wanafunzi wa ushairi hujitokeza mara kwa mara dai kwamba Muyaka bin Haji alikiuka sarufi, kwa kuwa alitumia ndia mahali pa njia na nti mahali pa nchi. Baadhi yao humtetea kwa kusema kwamba alitumia uhuru wa mshairi. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa kupitia maisha ya malenga huyo, kwamba shutuma na utetezi huo vina kasoro moja.

Kiswahili kina maneno kadha ya kutaja hali ya kuuacha mwelekeo uliotarajiwa. Kukengeuka ni kuiacha njia na kugeukia kando. Kupotoka ni kupindika kwa kilichonyooka. Kukiuka ni kupita juu ya kizuizi au mpaka. Kuasi, neno lenye asili ya Kiarabu, ni kukataa utii. Maneno haya yanatofautiana kwa picha, lakini yote yana sharti moja: hapana budi iwepo kwanza njia, mstari, mpaka au mamlaka. Pasipo njia hapana aliyekengeuka.

Muyaka alizaliwa Mombasa mnamo 1776. Mji huo ulitawaliwa na Mazrui, ambao hapo awali walikuwa maliwali wa maimamu wa Oman wa nasaba ya Yaarubi. Mabusaidi waliposhika utawala wa Oman katika karne ya 18, Mazrui walikataa kuwatambua. Kwa Mabusaidi huo ulikuwa uasi. Kwa watu wa Mombasa ulikuwa ulinzi wa haki ya mji wao. Tendo lilikuwa moja, bali jina lake lilitegemea mamlaka ambayo msemaji aliyakubali. Muyaka alisimama upande wa mji wake, akaufanya ushairi kuwa silaha yake. Katika uhai wake Mombasa ilishindwa na Lamu katika vita vya Shela yapata 1812, ikawa chini ya bendera ya Uingereza baina ya 1824 na 1826, kisha ikakabiliwa na mashambulizi ya Seyyid Said tangu 1828. Mwaka 1837 Mazrui waliangushwa na viongozi wao wakapelekwa uhamishoni. Muyaka alifariki mnamo 1840.

Ikiwa tunatafuta mahali alipoiacha njia ya waliomtangulia, tutapaona katika maudhui. Sehemu kubwa ya tungo za kale zilizotufikia ni tendi za dini. Muyaka aliushughulisha ushairi na siasa, mapenzi, biashara, dhiki na mizaha ya mitaani. Hata hivyo, arudhi aliishika barabara: beti za mishororo minne, mizani 16 kwa mshororo, na vina vilivyopangwa.

Ama kwa lugha, Muyaka alitunga kwa Kimvita, lahaja ya mji wake. Penye ch ya Kiunguja, Kimvita aghalabu kina t: nti, mato na kitwa kwa nchi, macho na kichwa. Penye nj kina nd: ndia, ndoo na ndaa kwa njia, njoo na njaa. Ulinganifu huu una utaratibu, nao haukubuniwa na mshairi kwa kutafuta vina. Kosa hutokea hapa na pale. Kanuni ya lahaja hurudi katika neno baada ya neno.

Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mwaka 1928, miaka 88 baada ya kifo cha Muyaka, katika mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe. Kamati ya lugha iliyokabidhiwa kazi ya usanifishaji ilianza 1930. Tungo za Muyaka, zilizokusanywa na W. E. Taylor kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, zilihaririwa na W. Hichens na kuchapishwa 1940. Hivyo diwani yake iliwafikia wasomaji wengi wakati kipimo kipya kilikwisha kuwekwa, na maumbo yake yakaonekana kuwa ndiyo yaliyopotoka.

Hatusemi kwamba Kiswahili sanifu hakina faida. Shule na uchapishaji vinakihitaji. Tunachosisitiza ni kwamba kabla ya kuliita umbo lolote ukiushi, mhakiki sharti aulize: njia ipi imeachwa, nani aliiweka, na lini? Mshairi wa leo anayeandika Kimvita huku akikijua Kiswahili sanifu amechagua, na uchaguzi huo unaweza kuhakikiwa. Muyaka hakupewa uchaguzi huo. Kumwita mkiushi ni kumshtaki kwa sheria iliyotungwa baada yake, na kumsamehe kwa uhuru wa mshairi ni kumsamehe kosa ambalo hakulitenda. Alipoandika ndia, aliifuata njia ya pekee ambayo wasikilizaji wake waliijua.