Louis Redding: Wakili aliyekataa kuombea mtoto basi

Hebu fikiria: kila asubuhi basi la shule linapita mbele ya nyumba yenu lakini halikubebi. Si ati hujalipa nauli. Ni rangi ya ngozi yako tu.

Hayo ndiyo yaliyompata msichana mdogo mweusi wa Hockessin, viungani mwa jiji la Wilmington, jimbo la Delaware, Marekani. Mamake alilazimika kumpeleka shule mwenyewe kwa gari. Aliandikia wakubwa barua wee, wapi! Mwishowe akamwendea wakili Louis Redding.

Mama alitaka basi tu. Redding akamweleza kwamba hawezi kupigania basi la weusi peke yao, ila akiwa tayari kudai mtoto aingie shule ya wazungu, atamsimamia. Mama akakubali.

Redding alizaliwa 1901, akalelewa Wilmington. Alisoma Howard, shule ya upili ya weusi jijini humo, kisha Chuo Kikuu cha Brown, halafu sheria kule Harvard. Mwaka wa 1929 akawa wakili wa kwanza mweusi Delaware, na kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa peke yake.

Kumbe wazazi wa Claymont, kiunga kingine, nao walikuwa wamechoka. Watoto wao walisafiri hadi Howard ilhali shule ya upili ya wazungu ilikuwa pale pale kwao.

Sasa ona mtihani wenyewe. Ilibidi Redding asimame kortini kuthibitisha kwamba Howard, shule iliyomlea, ilikuwa duni kuliko Claymont. Lakini hakuwa anawadharau walimu wake. Alikuwa anaonyesha jinsi serikali ilivyowapunja.

Jaji Collins Seitz alienda kujionea shule hizo mwenyewe. Aprili 1952 akaamuru watoto hao waingie shule za wazungu mara moja. Septemba wakaketi madarasani Claymont.

Jimbo lilikata rufaa. Kesi hiyo ikaunganishwa na nyingine nne, na mnamo Mei 17, 1954, Mahakama ya Juu ya Marekani ikaharamisha ubaguzi wa rangi katika shule za umma. Kati ya hizo tano, ni Delaware pekee ambako watoto walikuwa tayari wameshinda.

Redding alifariki 1998. Wewe nawe, siku ukienda kudai haki yako, jiulize kwanza: unaomba basi, ama unadai shule?