HABIB SALEH WA LAMU: SHARIFU ALIYEANZIA KWENYE KIBANDA CHA MAKUTI

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na wote waliomfuata kwa wema.

Ndugu Waislamu, miongoni mwa mambo yanayozikosesha usingizi familia zetu ni nyumba. Hapa Mwandiga, kwenye barabara itokayo Kigoma mjini kwenda Kasulu, tunaziona nyumba za tofali mbichi, na kando yake kuta za tofali za kuchoma zilizosimama miaka mingi bila kupauliwa. Ndani ya kuta hizo mna historia ndefu. Mna shamba la michikichi lililouzwa ili kununua saruji, mna kijana aliyeahirisha nikahi mara tatu kwa kuwa boma halijaisha, na mna baba aliyekopa kwa riba ili apate bati, kisha akaziuza bati hizo ili alipe riba. Tumeona kwamba Ijumaa ya leo tuwaletee maisha ya mwanachuoni mmoja wa Afrika Mashariki ambaye jina lake linajulikana katika kila mji wenye madrasa, lakini habari ya makazi yake haisimuliwi sana. Naye ni Habib Saleh bin Alawi Jamalilleil wa Lamu, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Asili na ujio wake

Habib Saleh alizaliwa katika kisiwa cha Ngazija, Visiwa vya Komoro, katikati ya karne ya 19. Ukoo wake wa Jamalilleil ni wa masharifu waliotoka Hadhramaut kusini mwa Bara Arabu, wakafika Pate na kuenea katika pwani yetu na visiwani. Alifika Lamu akiwa bado kijana, akajiunga na jamaa zake waliokuwa wametangulia huko, akakaa kitako kusoma kwa wanazuoni wa mji ule. Miongoni mwa masheikh wakubwa wa Lamu zama zile alikuwamo Sayyid Mansab bin Abdulrahman, aliyesifika kwa elimu na kwa utunzi wa Kiswahili.

Ili tuufahamu uzito wa aliyoyafanya, hatuna budi kwanza kuufahamu mji wenyewe. Lamu ya karne ya 19 ilikuwa mji uliogawanyika, na mgawanyiko wake ulionekana kwa macho katika nyumba. Upande wa kaskazini, katika mitaa ya Mkomani, walikaa waungwana katika majumba ya mawe ya matumbawe yaliyokandikwa kwa chokaa, yenye dari za boriti za mikoko, madaka ya kupokelea wageni, na zidaka zilizochongwa ukutani kwa ustadi mkubwa. Jumba la mawe halikuwa makazi tu. Lilikuwa ushahidi wa nasaba. Upande wa kusini, Langoni na pembezoni mwake, walikaa wageni, wavuvi, wagema, watumwa na wana wa watumwa, katika nyumba za udongo zilizoezekwa kwa makuti. Mwenye kutaka kujua cheo cha mtu hakuwa na haja ya kumuuliza. Alitazama paa lake.

Elimu nayo ilifuata mpaka ule ule. Mtoto wa mtumwa alifundishwa kiasi cha kumwezesha kuswali. Ama elimu za juu, kama tafsiri ya Qur'ani, fiqhi na nahau ya Kiarabu, zilihesabiwa kuwa ni za watu wa majumba ya mawe.

Kibanda kilichokuwa chuo

Kwa nasaba yake Habib Saleh angeweza kudai nafasi miongoni mwa wakubwa. Sharifu aliheshimiwa na watu wote, na mwenye elimu aliheshimiwa zaidi. Lakini yeye alichagua kuelekea kusini. Alipata mahali nje ya mji wa mawe, akasimamisha kibanda cha udongo na makuti kama vile vya jirani zake, na humo akaanza kusomesha. Waliomjia walikuwa ni wale ambao milango mingine haikuwafungukia: watumwa, walioachwa huru, wagema wa minazi, na wageni wa hali ya chini. Aliwasomesha, akawatibu wagonjwa wao, akakaa nao na kuonana nao kila siku.

Jambo hili liliwaudhi baadhi ya wakubwa wa mji. Wapo walioona kwamba kumfundisha mtumwa elimu za juu ni kuupindua mji. Wapo pia waliomlaumu kwa namna alivyosoma Maulidi pamoja na watu wake, akiruhusu matari yapigwe, na katika suala hili wanazuoni walihitilafiana naye. Hatukusudii leo kuingia katika hitilafu hiyo. Linalotuhusu ni kwamba lawama zile hazikumhamisha. Hakuhamia Mkomani ili apate heshima ya kuwafundishia watu wa Langoni. Alibaki Langoni, na heshima ikamfuata huko huko.

Tuzingatie hekima iliyomo humo. Laiti angesubiri mpaka apate jumba la mawe ndipo afungue chuo, huenda angesubiri umri wake wote, na kizazi kizima cha wana wa watumwa kingekufa bila kuonja elimu. Udongo, miti na makuti vilipatikana pale pale, na mafundi walikuwa ni majirani. Kwa gharama ndogo alipata mahali pa kulala, pa kuswalia na pa kusomeshea. Mali na nguvu ambazo wengine walizitia katika zidaka, yeye alizitia katika watu.

Msikiti wa Riyadha

Katika zama hizo hizo alikuwapo Hadhramaut, katika mji wa Seiyun, mwanachuoni mkubwa Habib Ali bin Muhammad al-Habshi, aliyefariki mwaka 1915. Yeye alijenga huko chuo cha kuwapokea wanafunzi kutoka nchi za mbali, na ndiye mtungaji wa Maulidi yanayoitwa Simtu Durar. Habib Saleh alifungamana naye kwa elimu na mapenzi, na Maulidi hayo yakashika mizizi Lamu kwa juhudi zake, kisha yakaenea katika pwani yote ya Afrika Mashariki.

Kufumba na kufumbua karne ya 20 ilikuwa imeingia, na mahali pale palipoanza kwa kibanda pamesimama Msikiti wa Riyadha, ulioitwa kwa jina la kituo cha Seiyun. Hapa pana mazingatio ya pili. Habib Saleh hakuyachukia mawe wala hakuiharamisha chokaa. Jengo la kudumu lilipohitajika kwa ajili ya umma, lilijengwa. Lakini tutazame mpangilio: walitangulia wanafunzi, likafuata jengo. Katika miji yetu mara nyingi tumefanya kinyume. Tumejenga msikiti wenye minara miwili, na madrasa yake haina mwalimu anayelipwa.

Utumwa ulipigwa marufuku rasmi katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Mashamba ya waungwana upande wa bara yakakosa watu wa kuyalima, utajiri wa Lamu ukapungua, na baadhi ya majumba yale ya mawe yakaanza kubomoka kwa kukosa wa kuyatengeneza. Wale waliokuwa watumwa walitoka wakiwa huru kwa mwili, na waliopita kwa Habib Saleh walitoka wakiwa na elimu vilevile. Sisi wa Kigoma na Ujiji, ambao miji yetu ilikuwa kituo kikubwa cha misafara kati ya Manyema na pwani, tunajua kuliko wengi maana ya binadamu kupewa heshima yake baada ya kuuzwa sokoni.

Habib Saleh alifariki dunia Lamu katikati ya miaka ya 1930, akiwa ameshapita umri wa miaka 80. Wanawe na wajukuu zake waliendeleza kazi, na wanafunzi wa Riyadha wakatawanyika Kenya, Tanganyika, Uganda na kwingineko. Hadi leo, kila mwezi wa Mfunguo Sita, maelfu ya watu husafiri kwenda Lamu kwa ajili ya Maulidi na kulizuru kaburi lake. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001 kwa ajili ya majengo yake ya mawe. Ama umma wa Waislamu wa Afrika Mashariki, unapoitaja Lamu, hulitaja kwanza jina la mtu aliyeanzia kwenye makuti.

Mafunzo kwa familia zetu

Aliyoyafanya Habib Saleh hayakuwa mapya katika Uislamu. Vyumba vya wake wa Mtume (S.A.W.) pale Madina vilijengwa kwa tofali mbichi na makuti ya mitende. Imepokewa kutoka kwa Hasan al-Basri kwamba alipokuwa kijana aliingia ndani yake na kuigusa dari kwa mkono. Vyumba hivyo vilipobomolewa takriban mwaka 707, katika utawala wa Khalifa Walid bin Abdulmalik, ili kuupanua Msikiti, watu wa Madina walilia. Said bin Musayyab alitamani viachwe, ili vizazi vitakavyokuja vione ni kwa kiasi gani Mtume wao alitosheka katika dunia.

Hata hivyo, tusije tukafahamu vibaya. Umaskini si sunna, na nyumba inayovuja juu ya vichwa vya watoto si uchamungu. Mtume (S.A.W.) aliihesabu nyumba yenye nafasi kuwa ni katika mambo ya furaha ya mja hapa duniani. Qur'ani Tukufu, katika Surat An-Nahl, inaitaja nyumba kuwa ni neema na mahali pa utulivu. Kinacholaumiwa, kama inavyoonyesha habari ya kaumu ya Adi katika Surat Ash-Shu'araa, ni kujenga kwa ajili ya kujifaharisha. Na katika Surat Al-Furqan waja wema wamesifiwa kwa kuwa kati na kati, hawafanyi israfu wala hawafanyi ubakhili.

Basi baba wa familia anayetaka kujenga Mwandiga ajiulize maswali matatu. Je, najenga kwa haja ya watu wangu au kwa macho ya wapita njia? Je, fedha hii ni ya halali, au nitaezeka paa kwa riba na kuwalaza wanangu chini ya jambo ambalo Mwenyezi Mungu ameliharamisha? Na je, nyumba hii itakula ada ya shule, mahari ya kijana na shamba linalotulisha?

Nyumba ya tofali mbichi si aibu, ikijengwa kwa akili. Mvua zetu ni nyingi na adui mkubwa wa udongo ni maji. Ukiweka msingi wa mawe ulioinuka juu ya ardhi, ukatoa upenu mrefu wa kuzuia mvua isipige ukuta, ukachimba mfereji wa kupitisha maji, na ukasiriba kuta kila zinapopasuka, nyumba hiyo inaweza kukaa miaka mingi. Udongo unachimbwa kiwanjani penyewe, na tofali wanafyatua vijana wa nyumbani, wakati saruji inayotoka Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 1,200 kabla ya kutufikia. Anza na vyumba viwili, uhamie, uache kulipa kodi, kisha ongeza kila Mwenyezi Mungu anapokufungulia.

Wazazi wa mabinti nao wana sehemu yao. Kijana mcha Mungu, mwenye kazi ya halali na chumba kimoja cha udongo, asirudishwe mlangoni kwa sababu hana bati la rangi. Tukimrudisha yeye tunamfungulia mlango mwingine ambao hatutaupenda. Na sisi tulio katika nyumba nzuri tusimpite jirani wa nyumba ya nyasi kana kwamba hayupo. Tukumbuke kwamba Lamu iliyahukumu mapaa ya watu, na hukumu hiyo ikaja kutenguliwa na yale yaliyokuwa chini ya paa duni kuliko yote.

Aidha, kama tuna madrasa mtaani isiyo na jengo, tusingoje mfadhili. Banda la miti na nyasi, mkeka, mbao za kuandikia na mwalimu mwenye ikhlasi vinatosha kuanzia. Fungu la kwanza la mchango wetu liwe posho ya mwalimu, na fungu la pili ndilo liwe tofali.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Habib Saleh na walimu wetu wote waliotangulia, azijaalie nyumba zetu kuwa za utulivu na za halali, atukinge na madeni yanayotuvunjia heshima, na atupe makazi mema zaidi katika Pepo yake. Amin. Wabillahi tawfiq.