Louis Pasteur na Kichaa cha Mbwa

Katika vilima vya Butembo na katika vijiji vya Beni, mbwa ni mlinzi wa nyumba. Usiku wa baridi hujikunja mlangoni, na mgeni akikaribia hubweka. Asubuhi humfuata bwana wake shambani, na jioni hucheza na watoto uani. Hachagui tajiri wala maskini. Humpenda yule ampaye chakula.

Lakini mlinzi huyu mwema aweza kupatwa na ugonjwa mbaya sana uitwao kichaa cha mbwa. Akiugua, huuma hata mkono uliomlisha, na mtu aliyeumwa asipotibiwa upesi aweza kufa. Zamani hapakuwa na kinga yoyote. Mtu aliyeleta kinga ya ugonjwa huo, kwa mbwa na kwa watu, alikuwa Mfaransa, jina lake Louis Pasteur. Haya ndiyo maisha yake.

1. Mtoto wa fundi wa ngozi

Louis Pasteur alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 katika mji wa Dole, upande wa mashariki wa Ufaransa. Baba yake alikuwa amepigana vita katika jeshi la Napoleon. Vita vilipokwisha akawa fundi wa kutengeneza ngozi za wanyama. Hakuwa tajiri, wala hakusoma sana, lakini alitamani mwanawe asome. Louis alipokuwa bado mdogo, wazazi wake walihamia Arbois, mji wa mashamba ya mizabibu, na huko ndiko alikokulia.

Shuleni Louis hakuwa mwepesi kuliko wenzake. Alikwenda polepole, na hakupenda kusema jambo kabla hajawa na hakika nalo. Wakati wa kupumzika alichora picha. Alimchora mama yake, baba yake na majirani, akaangalia vema kila mkunjo wa uso na wa nguo. Hivyo macho yake yalizoea kutazama mambo kwa uangalifu, na desturi hiyo ilimsaidia maisha yake yote.

Mwaka 1831, Louis akiwa bado hajatimiza miaka 9, jambo la kutisha lilitokea. Mbwa-mwitu mwenye kichaa alitoka msituni akauma watu na wanyama vijijini. Waliojeruhiwa walipelekwa kwa mhunzi. Yeye alitia chuma motoni mpaka kikawa chekundu, kisha akachoma majeraha yao, kwa sababu siku zile watu hawakujua dawa nyingine. Vilio vyao vilisikika njiani. Pamoja na maumivu hayo yote, baadhi yao walikufa. Louis hakuwa na la kufanya, lakini hakusahau.

2. Masomo na taabu

Alipokuwa na umri wa karibu miaka 16, alipelekwa Paris kusoma. Hakuweza kuvumilia kukaa mbali na nyumbani; aliugua kwa huzuni, hata baba yake akaenda kumrudisha. Wengine wangecheka na kusema kwamba ameshindwa. Louis hakukata tamaa. Aliendelea kusoma karibu na nyumbani, kisha alirudi Paris, na mwaka 1843 akaingia katika shule kubwa ya walimu. Huko alisoma elimu ya vitu na mchanganyiko wake, akawa mwalimu mwenye sifa.

Mwaka 1849 alimwoa Marie Laurent. Mke huyo alikuwa msaidizi wake mkubwa. Jioni, kazi za nyumbani zilipokwisha, alikaa mezani akaandika aliyoyasema mumewe. Walizaa watoto 5, lakini binti zao 3 walikufa wadogo, wawili kwa homa ya matumbo. Pasteur alilia kama mzazi yeyote. Kisha akarudi kazini, akizidi kutafuta jinsi magonjwa yanavyoingia katika mwili.

3. Vidudu visivyoonekana kwa macho

Pasteur alitumia darubini ya kukuza vitu vidogo. Aliona kwamba divai na maziwa huharibika kwa sababu ya vidudu vidogo mno. Akagundua kwamba divai ikipashwa moto kwa kiasi, vidudu vile hufa nayo haiharibiki. Njia hiyo hutumika hata leo kwa maziwa, nayo huitwa kwa jina lake.

Mwaka 1868, akiwa na miaka 45, damu ilivuja katika ubongo wake, na upande wa kushoto wa mwili wake ukapooza. Waganga walidhani atakufa. Alipona, lakini tangu siku ile alikokota mguu, na mkono wake wa kushoto haukuwa na nguvu. Hata hivyo kazi zake zilizo kubwa kuliko zote alizifanya baada ya ugonjwa huo.

Kwanza aliwaangalia kuku waliokufa kwa ugonjwa wa kuhara. Aliona kwamba vidudu vilivyokaa muda mrefu katika chupa vilipoteza ukali wao. Kuku waliotiwa vidudu hivyo dhaifu waliugua kidogo wakapona. Na baadaye, walipotiwa vidudu vikali, hawakufa. Mwili wao ulikuwa umejifunza kupigana na adui. Hiyo ndiyo maana ya chanjo.

Mwaka 1881 alijaribu jambo hilo kwa kondoo, kwa ajili ya ugonjwa wa kimeta. Alichanja nusu ya kundi, nusu nyingine akaiacha. Kisha wote wakatiwa vidudu vikali. Watu wengi walikusanyika kutazama, na wengine walitumaini kwamba atashindwa. Siku ya tarehe 2 Juni waliwakuta kondoo waliochanjwa wakiwa hai. Wale wasiochanjwa walikuwa wamekufa karibu wote, na waliobaki walikuwa wakikata roho.

4. Ugonjwa wa mbwa

Ndipo Pasteur alipogeukia ugonjwa aliouogopa tangu utoto. Mwaka 1880 alianza kuuchunguza pamoja na wasaidizi wake, na mmoja wao alikuwa mganga Émile Roux. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari kubwa. Iliwapasa kuchukua mate kinywani mwa mbwa wenye kichaa waliofungwa kamba. Mtu kuumwa mara moja kungetosha kuleta mauti.

Tena kidudu cha ugonjwa huu kilikuwa kidogo hata darubini ya siku zile haikuweza kukionyesha. Pasteur alipigana na adui asiyemwona. Lakini alijua njia yake. Kidudu hukaa katika mate; huingia mwilini kwa jeraha la meno; hupita polepole katika mishipa ya fahamu mpaka kufika kwenye ubongo. Safari hiyo huchukua majuma, pengine miezi. Kikifika kwenye ubongo, mgonjwa huanza kuugua, na hapo karibu hakuna apate kupona. Pasteur akafikiri kwamba kama safari ni ndefu, basi chanjo yaweza kutangulia kufika.

Alichukua uboho wa uti wa mgongo wa sungura waliokufa kwa ugonjwa huo, akautundika ndani ya chupa yenye hewa kavu. Kila siku ukali ulipungua. Akawachanja mbwa, kwanza kwa dawa iliyo dhaifu kabisa, kisha kwa iliyo kali zaidi, siku baada ya siku. Mwaka 1884 mbele ya wataalamu ilihakikishwa kwamba mbwa waliochanjwa hawapatwi na kichaa. Wanyama wengi walikufa katika kazi hiyo. Pasteur hakupenda kuwaona wakiumia, lakini kwa njia hiyo mbwa na watu wasiohesabika waliokolewa baadaye.

5. Mtoto Joseph

Tarehe 6 Julai 1885 mama mmoja alifika Paris akitoka mbali, jimbo la Alsace. Alimleta mwanawe, Joseph Meister, mwenye miaka 9. Siku mbili kabla, mbwa mwenye kichaa alikuwa amemwangusha njiani akamwuma mahali 14, mikononi na miguuni. Hata kutembea kulimwuma.

Pasteur alifadhaika sana. Chanjo yake ilikuwa imewaponya mbwa, lakini bado haikuwa na ushahidi kwa watu. Ikiwa mtoto angekufa, watu wangesema kwamba Pasteur ndiye aliyemwua. Na kama asingefanya lolote, mtoto angeweza kufa kifo cha uchungu. Tena yeye hakuwa mganga wa watu. Akawaita waganga wawili. Nao walipoyaona majeraha, walikubali kwamba inafaa kujaribu. Jioni ile mganga Grancher alimchoma Joseph sindano ya kwanza.

Kwa siku 10 mtoto alichomwa sindano 13, kila moja kali kuliko iliyotangulia. Mchana Joseph alicheza na kuku na sungura. Usiku alilala vizuri, lakini Pasteur hakupata usingizi. Majuma yalipita, na Joseph hakuugua. Alirudi nyumbani mzima. Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi ya kulinda mlango katika nyumba ya Pasteur ya kuchunguza magonjwa.

6. Aliyewahi na aliyechelewa

Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, watoto wachungaji walishambuliwa na mbwa mwenye kichaa. Kijana mkubwa wao, Jean-Baptiste Jupille, hakukimbia. Alimzuia mbwa ili wadogo wapate kuponyoka, akamfunga kinywa kwa kamba ya mjeledi wake. Mikono yake iliumwa vibaya. Alipelekwa kwa Pasteur, akachanjwa, akapona. Sanamu ya kijana huyo akipigana na mbwa ilisimamishwa Paris.

Lakini mwezi wa Novemba aliletwa msichana, Louise Pelletier, mwenye miaka 10. Yeye alikuwa ameumwa siku 37 zilizopita. Pasteur alijua kwamba amechelewa mno, na kwamba watu wataisema vibaya chanjo yake. Hata hivyo hakuweza kuwafukuza wazazi wake. Alimchanja. Dalili zikatokea, na Pasteur akakaa karibu na kitanda cha mtoto. Louise alikufa tarehe 3 Desemba 1885. Chanjo haikuwa mbaya; siku ndizo zilizopotea.

Watu waliofuata walikuwa wengi, wakitoka nchi za karibu na za mbali. Watu wakatoa fedha, matajiri na maskini, na mwaka 1888 nyumba kubwa iitwayo Institut Pasteur ikafunguliwa mjini Paris.

Louis Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895, mkono mmoja ukiwa katika mkono wa mkewe, na mwingine umeshika msalaba. Misa ya maziko yake ilisomwa katika kanisa kuu la Notre-Dame. Baadaye mwili wake ulizikwa ndani ya Institut Pasteur.

7. Kazi iliyobaki

Pasteur aliacha dawa, lakini dawa haiendi yenyewe mpaka mlangoni. Kila mwaka kichaa cha mbwa bado huua makumi ya maelfu ya watu duniani, zaidi Afrika na Asia, na miongoni mwao wamo watoto wengi. Karibu wote wameumwa na mbwa. Kwa hiyo tarehe 28 Septemba, siku aliyokufa Pasteur, mataifa hukumbuka vita hivyo kila mwaka.

Watu wa Beni na Butembo wanajua faida ya chanjo. Ugonjwa wa Ebola ulipoingia kwao mwaka 2018, zaidi ya watu 2,200 walikufa kabla haujakwisha mwaka 2020. Mwanzoni wengi waliiogopa sindano. Mwishowe watu zaidi ya 300,000 walichanjwa, na ugonjwa ukazuiwa. Mbwa naye ana chanjo yake. Katika Butembo, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben hufundisha vijana uganga wa wanyama, ili mifugo na mbwa wapate watu wa kuwaangalia.

Mwenye mbwa mwema humchanja, na hurudia chanjo kwa wakati uliowekwa. Humpa chakula na maji safi, na mahali pakavu pa kulala. Hamwachi kuzurura usiku, wala hampigi bure, kwa maana mbwa mwenye njaa na hofu huuma upesi. Mbwa akibadilika ghafula, akatoka mate mengi, akauma bila sababu, au akashindwa kumeza, mtoto asimsogelee, bali awaite wakubwa. Paka naye aweza kuugua vivyo hivyo.

Na mtu akiumwa, jeraha lake lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi, muda wa dakika 15. Asichomwe kwa chuma, wala asipakwe majani. Apelekwe hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo, akapate sindano. Joseph aliletwa baada ya siku 2, akaishi mpaka uzee. Louise aliletwa baada ya siku 37.

Maswali

1. Louis aliona nini Arbois mwaka 1831?
2. Kwa nini chanjo ya kichaa cha mbwa yaweza kumponya mtu aliyekwisha kuumwa?
3. Pasteur aliogopa nini alipoletewa Joseph Meister?
4. Kwa nini Louise Pelletier hakupona?
5. Taja mambo manne ampasayo kufanya mtu mwenye mbwa.
6. Mwenzako akiumwa na mbwa njiani, utafanya nini kwanza, na nini baadaye?