Teresa wa Avila na Saa ya Sala

Mkristu anayeanza sala ya moyo mara nyingi huiacha kabla mwezi mwingine haujaandama. Hukaa kimya mbele ya Mungu, akili ikatangatanga, naye akasema kazi hii ni ya watawa. Kwa ajili yake twapenda leo kusimulia habari za mtawa mmoja.

Teresa alizaliwa mwaka 1515 katika mji wa Avila, nchini Hispania. Mwaka 1535 alitoka nyumbani kwa siri, akaingia konventi ya Wakarmeli. Baada ya miaka michache akaugua. Alipopelekwa mbali kutafuta dawa, alipita kwa ndugu ya baba yake, naye akampa kitabu cha Mfransisko Francisco de Osuna, kifundishacho namna ya kukusanya mawazo na kumtafuta Mungu ndani ya roho. Huo ndio mwanzo wake. Ugonjwa ukazidi hata kaburi lake likachimbwa. Akazinduka, lakini karibu miaka 3 alikuwa amepooza.

Wengi wadhani kwamba mtu kama huyo alisali kwa raha. Sivyo. Kwa miaka mingi, isipokuwa baada ya Komunyo, hakuthubutu kuanza sala bila kitabu karibu naye, kwa maana mawazo yalimtawanyika. Mara nyingi alitega sikio asikie saa ikigonga, apate kuondoka. Mambo hayo ameyaandika mwenyewe, wala hakuyaficha.

Kosa lake kubwa lilikuwa jingine. Alimfundisha baba yake kusali hivyo, kisha yeye mwenyewe akaacha kwa mwaka na zaidi. Hakuacha kwa uvivu. Alipenda mno mazungumzo na wageni, akaona aibu kumkaribia Mungu kirafiki hali moyo wake uko ukumbini. Na aibu hiyo akaiita unyenyekevu. Baba alipomjia kuzungumza mambo ya sala, alisingizia ugonjwa. Mzee akamsadiki, akamhurumia. Sisi twaona hakuna mahali pa kuhuzunisha kama hapo katika maisha yake yote. Baba alifariki mwaka 1543. Padre Mdominiko aliyemwungamisha mzee akamhimiza Teresa arudie sala, wala hakuiacha tena.

Ukavu haukwisha siku hiyo. Ni mwaka 1554 tu, mbele ya sanamu ya Kristu mwenye madonda, ndipo alipoanguka chini akilia, na moyo wake ukageuka. Mwaka 1562 alianzisha konventi ndogo ya Mtakatifu Yosefu palepale Avila, na katika kitabu cha maisha yake aliifananisha roho na bustani. Anayeanza huteka maji kisimani kwa ndoo, kazi ambayo mama zetu waijua kuliko sisi mapadre. Baadaye huja gurudumu la kuvutia maji, kisha mfereji, mwisho mvua ya Mungu mwenyewe. Tena ziko siku ambapo kisima ni kikavu. Siku hizo mtunza bustani huenda vilevile na ndoo yake, na Mungu huyatunza maua bila maji.

Alifariki Alba de Tormes usiku wa tarehe 4 Oktoba 1582. Kesho yake ikahesabiwa tarehe 15, kwa kuwa kalenda ilirekebishwa usiku uleule. Mwaka 1970 Baba Mtakatifu Paulo VI alimtangaza Mwalimu wa Kanisa, mwanamke wa kwanza kupewa cheo hicho.