Bibi Aliyempokea Mama Mpya

Soma kwa ajili ya somo hili: Ruthu 4:13–17, Zaburi 71:17, 18, 2 Timotheo 1:3–5, Tito 2:3–5.

Wengi wetu tunamfahamu Ellen G. White kwa vitabu vyake. Tunavisoma katika ibada za nyumbani, na wahubiri huvitaja mimbarani. Lakini mama huyu alikuwa pia bibi wa wajukuu saba, na katika ubibi wake alipita mahali ambapo bibi wengi wa Tanga, Muheza, Korogwe na Pangani wanapita hata leo: kuachiwa watoto ambao mama yao amekufa. Juma hili tuitazame sehemu hiyo ya maisha yake.

Ellen alizaliwa tarehe 26 Novemba 1827 katika jimbo la Maine, Marekani. Mwaka 1846 aliolewa na James White, na Mungu akawapa wana wanne. Wawili hawakukua hadi utu uzima. Herbert alikufa mwaka 1860 kabla ya kutimiza miezi mitatu. Henry, mzaliwa wa kwanza, alikufa kwa homa ya mapafu mwaka 1863, akiwa na miaka 16. Walibaki Edson na William, ambaye nyumbani aliitwa Willie. Mwaka 1881 James naye akalala, na Ellen akawa mjane. Wajukuu wote saba walitoka kwa Willie.

Mke wa kwanza wa Willie aliitwa Mary Kelsey. Ellen alimpenda mkamwana wake huyu, na walifanya kazi pamoja. Mwaka 1885 walisafiri kwenda Ulaya wakiwa na Ella, mtoto wa miaka mitatu, wakakaa katika mji wa Basel, Uswisi. Huko Mary alisaidia katika kazi ya uchapaji, na huko huko, mwaka 1886, akajifungua binti wa pili, Mabel.

Miaka ile ya Basel inatuhusu sisi pia. Wakati huo Ellen alifanya kazi na mchungaji kijana aliyeitwa L. R. Conradi. Baadaye Conradi aliiongoza kazi ya injili kutoka Hamburg, Ujerumani, na ni kwa mpango wake kwamba Johannes Ehlers na A. C. Enns walitumwa Afrika Mashariki mwaka 1903. Wakaanzisha kituo cha Mamba Giti katika milima ya Upare, milima ile ambayo msafiri atokaye Tanga kwenda Moshi huiona upande wake wa kulia. Bibi tunayemsoma hapa alikuwa bado hai ujumbe ulipofika kwetu.

Mary alirudi Marekani akiwa na kifua kikuu. Katika siku zile dawa ya kukiponya ilikuwa haijapatikana. Alikufa mwezi wa Juni 1890, akiwa na miaka 33. Ella alikuwa na miaka minane, na Mabel mitatu. Ellen, mwenye miaka 62, alikuwa amezika mume na wana wawili; sasa alimzika mkamwana aliyekuwa kwake kama binti wa kumzaa.

Mwaka uliofuata kanisa lilimwomba Ellen aende Australia, na Willie afuatane naye. Walipanda meli mwezi wa Novemba 1891, Ellen akiwa karibu kutimiza miaka 64. Wasichana wale wawili walibaki Battle Creek, Michigan, chini ya uangalizi wa mwanamke mwaminifu. Miaka karibu minne ilipita, bahari ikiwa katikati. Katika muda huo Ellen aliugua sana. Kwa miezi kumi na mmoja maumivu ya viungo yalimzuia kutembea vizuri, naye akaendelea kuandika. Aliwaandikia wajukuu wake pia. Barua ilisafiri kwa majuma mengi, lakini ilifika, na mtoto akajua kwamba bibi yake hajamsahau.

Kisha likaja jambo ambalo nyumba nyingi hushindwa nalo. Willie alitaka kuoa tena. Mchumba wake, May Lacey, alikuwa msichana mdogo kwa umri kuliko yeye, aliyewahi kuishi na kufanya kazi nyumbani mwa Ellen. Hapa bibi angeweza kujenga ukuta. Angeweza kusema kwamba kiti cha Mary hakikaliwi na mtu mwingine, au kwamba wajukuu ni wake na hatawakabidhi kwa mgeni. Ellen hakufanya hivyo. Aliikubali ndoa ile kwa furaha. Ilifungwa Tasmania mwezi wa Mei 1895, na mwaka huo huo Ella na Mabel waliletwa kutoka Marekani, wakampata baba yao, bibi yao, na mama mpya.

Maisha ya mwanzo huko Cooranbong yalikuwa magumu. Shule ya Avondale ilikuwa ndiyo kwanza inaanzishwa, na familia ililala katika mahema kabla nyumba ya Ellen haijakamilika. Mwaka 1896 May alijifungua mapacha wa kiume. Wakapewa majina ya Henry na Herbert, majina ya wale wana wawili ambao Ellen aliwazika zaidi ya miaka thelathini nyuma. Katika mikono ya yule mama wa kambo, majina ya wafu wake yaliitwa tena nyumbani.

Mwaka 1900 walirudi Marekani, na Ellen akakaa Elmshaven, California, nyumba ya Willie na May ikiwa jirani. Huko alifariki tarehe 16 Julai 1915, akiwa na miaka 87. Mjukuu wake Arthur, mtoto wa May, alikuja kuandika historia ndefu ya maisha ya bibi yake. Ella, mtoto wa Mary, naye aliandika kitabu cha kumbukumbu zake. Watoto wa mama wawili, na wote walimkumbuka bibi mmoja.

Tukiyatazama haya, tunamkumbuka Naomi. Alifiwa na mume na wana wote wawili. Obedi alipozaliwa, baba wa mtoto alikuwa Boazi, mume mpya wa mkamwana wake. Naomi angeweza kujitenga. Badala yake alimchukua mtoto kifuani na kuwa mlezi wake, na katika ukoo huo akatoka Daudi.

Wapendwa, katika makanisa yetu wako bibi wanaolea wajukuu kwa kuuza maandazi na kwa kulima. Kazi yao ni kubwa, na Mungu anaiona. Lakini siku baba anapoleta mke mwingine, jaribu lingine huanza. Neno moja la bibi, akisema jikoni kwamba mama wa kambo si mama, laweza kumfunga mtoto moyo kwa miaka mingi. Na neno lake jema laweza kumfungulia mtoto mlango. Bibi mcha Mungu hulinda kumbukumbu ya aliyekufa, tena humpokea aliye hai. Panapokuwa na mateso ya kweli atasema na kumtetea mtoto. Pasipokuwa nayo, hatayatafuta.

Maswali ya kujadili:

1. Loisi alimwachia Timotheo imani. Je, wajukuu wetu wanaoishi mbali nasi wanaipokeaje imani yetu? Simu moja ya juma hili ingeweza kusema nini?

2. Kwa nini ni vigumu kwa bibi kumkubali mama wa kambo? Ni hofu zipi za kweli, na ni zipi tunazozikuza wenyewe?

3. Darasa lenu linawafahamu bibi wangapi wanaolea watoto waliofiwa na mama? Kabla ya Sabato ijayo, amueni ni nani atakayemtembelea kila mmoja, na atakwenda na nini mkononi.