Chittick: Mchimbaji wa Kilwa aliyeandika kuhusu maboma ya Nyanza

MNAMO 1965 jarida la Man la Uingereza lilichapisha makala fupi kuhusu maboma ya mawe ya Nyanza Kusini, eneo ambalo leo ni kaunti za Migori na Homa Bay. Mwandishi wake, Neville Chittick, alijulikana zaidi kwa magofu ya pwani.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1924. Baada ya kutumikia idara ya mambo ya kale nchini Sudan, alikwenda Tanganyika mwaka 1957 kusimamia idara changa ya aina hiyo. Mwaka 1961 akawa mkurugenzi wa taasisi ya Waingereza ya historia na akiolojia Afrika Mashariki, wadhifa alioushika kwa zaidi ya miaka 20.

Kazi iliyomjengea jina ni Kilwa Kisiwani. Msikiti Mkuu na kasri la Husuni Kubwa vilikuwa vimemezwa na vichaka. Mizizi ilipasua kuta za matumbawe na chokaa, huku bahari ikila ufuo. Kufyeka na kufukua kulifichua majengo, lakini pia kuliyaacha wazi kwa mvua na chumvi. Kitabu chake cha Kilwa kilitoka mwaka 1974.

Kuta za Nyanza ni jambo jingine kabisa. Huko mawe yamepangwa bila chokaa wala udongo wa kuyashika. Ukuta husimama kwa uzito wake na kwa jinsi kila jiwe lilivyokaa juu ya jingine. Mti ukiota ndani yake, au mawe machache yakichukuliwa kujengea kwingine, sehemu kubwa yaweza kuporomoka. Anayeukarabati hana budi kuyarudisha mawe yaleyale kwa mpangilio uleule. Saruji ingeugeuza kuwa ukuta mwingine.

Chittick hakukosa wapinzani. Aliipa michango ya wageni kutoka ng'ambo ya bahari uzito mkubwa mno katika kuzaliwa kwa miji ya pwani, na wanaakiolojia waliomfuata, wakiwemo Waafrika, wameonyesha kwamba mizizi ya miji hiyo imo humuhumu barani. Hata hivyo, ramani na vipimo vyake vingali vinatumika.

Alifariki mwaka 1984. Magofu ya Kilwa, yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yalitajwa kuwa hatarini mwaka 2004, yakaondolewa hatarini mwaka 2014 baada ya ukarabati. Thimlich Ohinga, boma maarufu kuliko yote katika Migori, iliingia katika orodha hiyo mwaka 2018.