Bibi Frances Mary Buss, Mwalimu wa Wasichana

Katika nyumba nyingi fedha ya ada ikipungua, anayebakizwa nyumbani ni binti. Jambo hili si letu peke yetu. Huko Uingereza nako, zaidi ya miaka mia na hamsini iliyopita, hali ilikuwa hiyo hiyo. Mmoja wa watu walioibadili ni Bibi Frances Mary Buss, na inafaa tumjue.

Alizaliwa London tarehe 16 Agosti 1827. Baba yake, Robert William Buss, alikuwa mchoraji. Mwaka 1836 alipewa kazi ya kuchora picha za kitabu cha Charles Dickens, lakini baada ya muda mfupi kazi hiyo akapewa mtu mwingine. Mapato ya mchoraji hayana uhakika, na watoto nyumbani walikuwa wengi. Frances alianza kufundisha akiwa na miaka 14 tu. Mwaka 1845 mama yake alifungua shule ndogo katika mtaa wa Kentish Town, naye binti akawa msaidizi wake.

Frances aliona upesi kwamba mwalimu asiyesoma hana cha kutoa. Chuo cha Queen's College kilipofunguliwa London mwaka 1848, alifundisha mchana na kwenda kusoma jioni, mpaka akapata vyeti. Tarehe 4 Aprili 1850 shule yao ikaanza upya katika Camden Street kwa jina la North London Collegiate School. Siku hiyo walikuwapo wanafunzi 35. Kabla ya mwaka kwisha walizidi 100.

Ilikuwa shule ya kutwa: wasichana walitoka nyumbani asubuhi na kurudi kwao. Kasisi David Laing wa Kanisa la Utatu Mtakatifu, Kentish Town, aliisimamia na kuitetea mpaka alipokufa mwaka 1860. Dini ilifundishwa kwa desturi ya Kanisa letu la Anglikana, lakini mzazi wa dhehebu lingine aliruhusiwa kumtoa mwanawe katika kipindi hicho, wala mtoto hakunyimwa nafasi kwa sababu hiyo. Jamaa nzima walishika kazi. Baba alifundisha kuchora na sayansi, na ndugu zake wa kiume nao walisaidia kufundisha.

Mwaka 1863 Chuo Kikuu cha Cambridge kilikubali kuwajaribu wasichana kwa mtihani wa wavulana. Bibi Buss alipeleka wanafunzi 25. Matokeo ya hesabu yalikuwa mabaya kwa wasichana wengi, wakiwamo baadhi ya wake. Mwingine angesema, kumbe kweli wasichana hawawezi. Yeye alisema hawakufundishwa vizuri, akarudi darasani kutengeneza ufundishaji wa hesabu. Mwaka 1865 mtihani huo ulifunguliwa rasmi kwa wasichana. Mwaka huo huo Tume ya Serikali iliyochunguza shule ilimwita kutoa ushahidi mbele ya mabwana wakubwa, jambo geni kwa mwanamke siku zile.

Lakini jambo lililomgharimu lilikuwa bado. Shule ilikuwa mali yake, nayo ilimpatia riziki nzuri. Aliona kwamba shule ya mtu mmoja hufa pamoja na mwenyewe, na kwamba mabinti wa watu wa kipato kidogo hawakuweza ada yake. Basi mwaka 1870 aliitoa shule mikononi mwake, akaikabidhi kwa wadhamini, naye akabaki mwalimu mkuu wa kuajiriwa. Mwaka 1871 ilifunguliwa shule ya pili, Camden School, yenye ada ndogo. Fedha ilikuwa ngumu kupatikana. Watu walichangia shule za wavulana kwa urahisi, lakini kwa wasichana walifunga mifuko. Hakuchoka kuomba, na mwaka 1879 shule ya kwanza ilipata majengo mapya.

Mwaka 1874 walimu wakuu wanawake waliunda chama chao, naye akawa rais wa kwanza. Alishughulikia pia mafunzo ya ualimu, akawa mmoja wa waliosaidia kuanzisha chuo cha walimu wanawake Cambridge mwaka 1885. Hakuolewa. Alifariki mkesha wa Krismasi mwaka 1894, akiwa bado mwalimu mkuu.

Shule zake zote mbili zipo hata leo. Ile ya kwanza ilihamia Edgware. Zimedumu kwa sababu mwenyewe alikubali kuzitoa zisiwe zake.

Wazazi wenzangu, tukikaa tena kugawa ada ya watoto, tumkumbuke. Na binti akishindwa hesabu, kabla ya kumtoa shuleni, tuulize kwanza kama amefundishwa.